Kutengeneza wenyewe au kununua? Hesabu ya ndani inayosaidia wenye mashini za kusaga na mafundi wa Kamina

Kamina, mji mkuu wa jimbo la Haut-Lomami, ni mji wa mahindi na wa reli. Kila asubuhi akina mama wanafika kwenye mashini za kusaga na mabeseni kichwani, ili bunga ipatikane na jioni watoto wale bukari. Siku mashini inaposimama, mwenye kazi anapoteza mapato, na mama analazimika kutembea mpaka mtaa mwingine au kununua bunga ya tayari kwa bei ya juu.

Mara nyingi kinachosimamisha mashini ni kitu kidogo. Ndani yake kuna vipande bapa vya chuma vinavyoitwa nyundo. Vinazunguka kwa kasi na kupiga mahindi mpaka yawe laini na kupita kwenye matundu ya chekeche. Nyundo zinalika pole pole. Pembe zikiisha, bunga inatoka na chenga, mazutu inatumika nyingi, na wateja wanaanza kulalamika.

Hapo linakuja swali ambalo kila mwenye mashini analijua: nyundo mpya zitengenezwe na fundi wa hapa Kamina, kwa lame za resori za malori ya zamani, au ziagizwe Lubumbashi, karibu kilomita 600 kwa njia ya reli? Wengi wanajibu kwa mazoea. Kuna wanaosema, “Tununue tu, za Lubumbashi ziko bei chini.” Wengine wanasema kazi ya nyumbani lazima iwe rahisi. Wote wanaweza kukosea, kwa sababu jibu liko kwenye hesabu, na hesabu yenyewe iko na mitego.

Hesabu ya ndani ni nini

Kampuni iko na hesabu za aina mbili. Ya kwanza ni ya kuonyesha nje: kwa serikali, kwa benki, kwa wenye hisa. Katika Kongo hesabu hiyo inafuata kanuni za OHADA, umoja ambao sheria zake zilianza kutumika nchini tarehe 12 Septemba 2012. Mfumo wake wa uhasibu, SYSCOHADA, ulirekebishwa na toleo jipya likaanza kutumika tarehe 1 Januari 2018.

Ya pili ni ya kumsaidia mkubwa wa kazi kuamua. Ndiyo inayoitwa hesabu ya ndani, au uhasibu wa uongozi. Wenye kusoma Kifaransa wanaijua kama comptabilité analytique. SYSCOHADA yenyewe imeiwekea nafasi katika darasa la 9. Haidai vitabu vikubwa. Daftari moja la shule linatosha kwa atelieri ndogo, mradi kila kinachotoka na kinachoingia kiandikwe. Wazee wa biashara walisema zamani: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kazi kubwa ya hesabu hii ni kujibu swali moja: tukiamua hivi na siyo vile, ni makuta gani yatakayobadilika? Yasiyobadilika yanaachwa pembeni.

Mfano: chama chenye atelieri moja

Tuchukue mfano wa chama cha wenye mashini za kusaga walioungana na kufungua atelieri moja. Namba zinazofuata ni za mfano tu, kila mtu ataweka zake. Mashini za wanachama zinahitaji nyundo 200 kwa mwezi, na atelieri ndiyo inayozitengeneza. Daftari linaonyesha gharama ya nyundo moja hivi:

- Chuma cha resori: franka 2.500
- Malipo ya fundi, anayelipwa kwa kipande: franka 1.500
- Mazutu ya jenereta, bageti za kulehemia na diski za kukatia: franka 1.000
- Sehemu ya kodi ya nyumba, mlinzi, msimamizi na jenereta ya kukodi: franka 2.000
- Jumla: franka 7.000

Mjumbe mmoja anarudi toka Lubumbashi na habari: huko nyundo kama hizo zinauzwa franka 5.200. Ukiongeza franka 600 za usafiri na upakizi, na franka 200 za kutuma pesa na matumizi ya njiani, nyundo moja inafika Kamina kwa franka 6.000. Mkutano unafurahi. Wanaona wataokoa franka 1.000 kwa kila nyundo, yaani 200.000 kwa mwezi. Wanataka kumwambia fundi akae nyumbani.

Gharama ipi inahesabika

Kabla ya kupiga kura, mtunza daftari anauliza swali moja: tukiacha kutengeneza nyundo, mwenye nyumba atapunguza kodi? Hapana. Mlinzi atalipwa kidogo? Hapana, atelieri bado inatengeneza machekeche na kurekebisha mashini. Msimamizi je? Naye anabaki.

Zile franka 2.000 za mstari wa nne zilipatikana kwa kugawa franka 400.000 za kila mwezi juu ya nyundo 200. Ni mgawanyo wa kwenye karatasi. Nyundo zikiondoka, sehemu kubwa ya pesa hiyo inaendelea kulipwa, na itabebwa na machekeche.

Kwa hiyo gharama zinagawanyika mara tatu. Kuna zinazofuata idadi: chuma, malipo ya kipande, mazutu. Zinaisha kazi ikiisha. Kuna za kudumu zisizoepukika: nyumba, mlinzi, msimamizi. Na kuna za kudumu zinazoepukika, yaani hazifuati idadi lakini zinakoma kabisa kazi ikifungwa.

Katika mfano wetu, jenereta imekodiwa franka 120.000 kwa mwezi kwa ajili ya kutoboa na kukata nyundo tu. Nyundo zikiachwa, jenereta inarudishwa kwa mwenyewe. Hiyo ndiyo gharama ya kudumu pekee inayoingia kwenye uamuzi. Ugawaji wake juu ya nyundo 200 unatoa franka 600.

Hesabu mpya inasema hivi: kutengeneza ni 5.000 na 600, jumla 5.600. Kununua ni 6.000. Chama kingenunua, kingepoteza franka 400 kwa kila nyundo, yaani franka 80.000 kwa mwezi, huku kikiamini kinaokoa 200.000.

Na pesa iliyokwisha kutoka? Tuseme mwaka jana chama kilinunua mashini ya kutobolea. Bei yake ya zamani haibadiliki, ukitengeneza au ukinunua. Imekwenda. Kinachohesabika ni bei ambayo mtu angeilipa leo kama chama kingetaka kuiuza.

Idadi inayogeuza uamuzi

Mashini zikipungua, je? Hapo kuna hesabu fupi. Kila nyundo inayotengenezwa inaokoa franka 1.000 ukilinganisha na ya kununua, kwa kuwa 6.000 kutoa 5.000 ni 1.000. Lakini kila mwezi jenereta inadai 120.000 hata kama nyundo ni chache. Gawa 120.000 kwa 1.000, unapata nyundo 120.

Chini ya nyundo 120 kwa mwezi, ni heri kununua. Juu ya 120, ni heri kutengeneza. Namba hii moja inafaa kuandikwa kwa chokaa ukutani, kwa sababu mahitaji yanabadilika. Baada ya mavuno mashini zinasaga mchana kutwa. Kabla ya mavuno, mahindi yakiadimika na bei ya meka ikipanda sokoni, nyundo zinadumu kwa vile kazi ni kidogo. Uamuzi mzuri wa msimu mmoja unaweza kuwa mbaya kwa mwingine.

Bei ya Lubumbashi siyo bei ya Kamina

Upande wa kununua nao uko na gharama zinazojificha. Bei ya dukani ni mwanzo tu. Kuna kupakia, kusafirisha, kupakua, vipande vinavyopotea, na nauli ya mjumbe. Kuna TVA ya asilimia 16: biashara iliyosajiliwa inaweza kuikata kwenye kodi yake, lakini mtu mdogo asiyesajiliwa anaibeba yote, na kwake ni gharama kamili.

Kuna pia pesa inayolala. Treni haipiti kila siku, na barabara ya kupitia Kolwezi inasumbua wakati wa mvua. Anayenunua mbali analazimika kuagiza nyingi kwa mara moja. Nyundo 600 za miezi mitatu, kwa franka 6.000, ni franka 3.600.000 zilizokaa kwenye ghala. Kama pesa hiyo ilikopwa, riba yake ni sehemu ya bei ya nyundo. Kama ilitoka kwenye likelemba, kuna mwanachama aliyesubiri zamu yake zaidi.

Hata fundi wa hapa iko na gharama yake iliyojificha: vipande vinavyoharibika wakati wa kutoboa. Nyundo kumi zikitupwa kwenye kila mia moja, chuma chake kilipiwa.

Kama meza iko na kazi nyingine

Mpaka hapa tumeona kama vile fundi na meza yake hawana kazi nyingine. Ikiwa wateja wanaomba milango na madirisha ya chuma na wanarudishwa kwa kukosa nafasi, mambo yanageuka.

Tuseme milango hiyo, baada ya kutoa chuma, fundi na mazutu, ingeacha franka 150.000 kwa mwezi. Kutengeneza nyundo kunaokoa 80.000 tu. Basi chama kinapata zaidi kikinunua nyundo na kuacha meza itengeneze milango. Faida inayoachwa kwenye kazi moja ni gharama ya kazi nyingine, ingawa hakuna risiti inayoionyesha.

Lakini tahadhari: milango ihesabiwe ile iliyoagizwa na kuwekewa malipo ya kwanza. Milango ya kuota haiwezi kulipa nyundo za kweli.

Nyundo inayodumu

Kuna jambo ambalo bei ya kipande haisemi: kipande kitafanya kazi siku ngapi? Chama kilipoanza kuandika tarehe za kubadilisha nyundo, kwa mfano wetu, kiliona kwamba za hapa zinadumu miezi miwili na za kununua miezi mitatu. Hapo kazi ya nyundo 200 za hapa inafanywa na nyundo 134 za kununua.

Hesabu kwa mwezi mzima inakuwa hivi:

- Kutengeneza nyundo 200 kwa 5.000, na jenereta 120.000: jumla franka 1.120.000
- Kununua nyundo 134 kwa 6.000: jumla franka 804.000

Sasa kununua kunashinda kwa franka 316.000. Uamuzi umegeuka tena, na safari hii sababu ni ubora.

Je, fundi wa hapa ameshindwa? Si lazima. Chuma cha resori ni chuma kigumu cha kaboni. Lakini kikichomwa kwa moto ili kikatwe au kitobolewe, kisha kikaachwa kipoe pole pole, kinapoteza ugumu wake. Dawa inajulikana na wafua chuma: kipande kipashwe mpaka kiwe chekundu, kizamishwe kwenye mafuta, halafu kipashwe tena kidogo ili kisivunjike kama kioo. Nyundo ikitobolewa pande zote mbili, inaweza pia kugeuzwa, na pembe zote nne zikafanya kazi kabla ya kutupwa.

Kipimo kisisahauliwe. Nyundo zinazotazamana lazima ziwe na uzito sawa. Zikitofautiana, mashini inatetemeka na kuharibu beringi zinazobeba mhimili. Nyundo inayovunjika ndani ya mashini inaweza kumjeruhi msagaji. Hakuna bei nafuu inayofidia jambo hilo.

Tuseme mafuta na moto vinaongeza franka 300 kwa nyundo, na nyundo ya hapa inafikia miezi mitatu. Nyundo 134 kwa 5.300 ni franka 710.200, ukiongeza jenereta, 830.200. Tofauti na kununua imeshuka toka 316.000 mpaka 26.200 tu kwa mwezi.

Siku ya kusimama iko na bei

Pengo la 26.200 ni dogo kiasi kwamba mambo mengine yanaweza kuamua. La kwanza ni siku za kusubiri. Tuseme mzigo umechelewa, na mashini nne zimesimama siku tatu. Kila moja ingeingiza franka 25.000 safi kwa siku. Hasara ni franka 300.000. Ukigawa kwa miezi 12, kusimama mara moja tu kwa mwaka ni franka 25.000 kwa mwezi, karibu sawa na pengo lote. Kukisimama mara mbili kwa mwaka, kutengeneza hapa kunashinda.

La pili ni ufundi wenyewe. Fundi akiachishwa na wanafunzi wake wakatawanyika, mwaka ujao muuzaji wa mbali akipandisha bei, hakuna wa kumrudia. Kuna vyama vinavyochagua njia ya kati: nusu ya nyundo zinanunuliwa, nusu zinatengenezwa. Hapo jenereta inabaki na gharama yake, na inabidi ihesabiwe tena.

Makampuni makubwa nayo yalikutana na swali hili

Swali la Kamina ni dogo kwa ukubwa tu. Katika Likasi, kampuni ya madini ya Gécamines, iliyorithi mali za Union Minière, ilikuwa na Atelieri Kuu za Panda, ambako vyuma viliyeyushwa na vipuri vya viwanda kutengenezwa. Kwa kampuni iliyo mbali na bahari, kungoja kipuri toka Ulaya kulikuwa kusimamisha uzalishaji. Kutengeneza hapa kulikuwa na maana kubwa, mradi migodi inafanya kazi kwa wingi.

Uzalishaji wa shaba ulipoanguka miaka ya 1990, gharama za kudumu za atelieri, majengo na watu hazikuanguka nao. Ni hesabu ile ile ya nyundo 120: idadi ikishuka chini ya mstari, kinachookolewa kwa kila kipande hakitoshi tena kulipa gharama za kudumu. Tofauti ni kwamba nyuma ya namba hizo kulikuwa na familia. Mwaka 2003 wafanyakazi karibu 10.000 waliondoka Gécamines katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari.

Ng'ambo pia kuna mifano. Mwaka 1928 Henry Ford wa Marekani alianzisha mashamba ya mpira katika Amazoni ya Brazili, ili asitegemee wauzaji wa mpira wa magurudumu. Miti ilishambuliwa na magonjwa, na mwaka 1945 mashamba yaliuzwa kwa serikali ya Brazili kwa hasara kubwa. Kujua kutengeneza gari hakukumfundisha kulima mpira.

Mtaalamu wa uchumi Ronald Coase, Mwingereza aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1991, alilichunguza jambo hili katika makala yake ya mwaka 1937. Aliuliza kwa nini kampuni zinafanya kazi fulani zenyewe badala ya kununua yote sokoni. Jibu lake: soko nalo iko na gharama. Kutafuta muuzaji, kupatana bei na kuandika mkataba vinakula pesa na wakati. Anayengoja mzigo kwenye kituo cha treni cha Kamina anaelewa maneno hayo bila kusoma kitabu.

Hatua za kufuata na daftari

Mwenye atelieri au mashini anayetaka kufanya hesabu hii anaweza kufuata hatua hizi:

1. Aandike kwa miezi mitatu vipande vilivyotumika, na tarehe ya kuweka na kutoa kila seti.
2. Aorodheshe gharama zote za kutengeneza, kisha mbele ya kila moja aulize: itakoma tukiacha? Isiyokoma aifute.
3. Aombe bei kwa wauzaji zaidi ya mmoja, na kuandika bei mpaka mlangoni pa Kamina, pamoja na kodi, usafiri, hasara ya njiani na riba.
4. Atafute idadi inayogeuza uamuzi: gharama ya kudumu inayoepukika, igawanywe kwa tofauti ya bei ya kipande.
5. Alinganishe kwa mwezi wa kazi, siyo kwa kipande, ili muda wa kudumu uonekane.
6. Ahesabu faida ya kazi nyingine ambayo meza ingefanya, kama wateja wapo kweli.
7. Aweke bei kwenye siku za kusimama.
8. Arudie hesabu kila msimu, na kila bei ya mazutu au thamani ya franka inapobadilika.

Hesabu haimwondolei kiongozi kazi ya kuamua. Chama cha mfano wetu kingeweza kukubali kulipa franka 26.200 zaidi kila mwezi ili fundi na wanafunzi wake wabaki, na huo ungekuwa uamuzi halali, kwa sababu kila mwanachama angejua bei yake. Hatari ilikuwa kwenye ule mkutano wa kwanza, walipotaka kumfukuza fundi kwa sababu ya franka 2.000 za kwenye karatasi, ambazo sehemu yake kubwa mwenye nyumba na mlinzi wangeendelea kuidai mwisho wa mwezi.